Gitaa la umeme la nusu uwazi: ukague nini kabla ya kutoa pesa

Wasikilizaji wetu wa Ganako, Karatu mjini, Mang'ola na Ngorongoro wamekuwa wakituuliza kuhusu yale magitaa ya umeme yenye matundu mawili yaliyopinda kama herufi f, moja kila upande wa nyuzi. Wanaouliza zaidi ni viongozi wa kwaya, na vijana waliouza vitunguu au maharage wakabaki na akiba ya kununua gitaa moja, si mawili. Akiba ya namna hiyo ikipotea hairudi mpaka msimu mwingine. Makala haya yanaeleza gitaa hilo ni la namna gani, na jinsi ya kulikagua ukiwa na simu yako tu mkononi.

Ndani yake kuna nini?

Gitaa la umeme la kawaida ni mbao iliyojaa, haina nafasi ndani. Lipo lingine lenye uwazi mtupu kama gitaa kavu, ila limewekewa pikapu, yaani sumaku yenye koili ya waya inayonasa mtikisiko wa nyuzi. La nusu uwazi liko katikati ya hayo mawili. Pande zake mbili ni wazi, lakini chini ya nyuzi kuna gogo la mbao linalotoka shingoni hadi mwisho wa gitaa. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa la namna hiyo mwaka 1958 kwa jina la ES-335, na mengi ya bei nafuu yanayouzwa leo, kama Epiphone Dot na baadhi ya Ibanez Artcore, yamefuata umbo hilo. Hutengenezwa kwa wingi China na kwingineko Asia.

Kazi kubwa ya gogo hilo ni kuzuia mluzi. Sauti inapotoka kwenye spika hurudi na kutikisa kifua cha gitaa, gitaa nalo huipeleka tena kwenye spika, na ghafla kanisa zima linaziba masikio. Gitaa lenye uwazi mtupu hupiga mluzi upesi. La nusu uwazi huvumilia zaidi, ingawa si kama la mbao iliyojaa. Hata B.B. King, mpigaji maarufu wa muziki wa bluzi, Gibson walipomtengenezea gitaa la jina la Lucille mwaka 1980, waliliondolea kabisa matundu ya f ili kupunguza tatizo hilo. Wewe unaweza kuziba matundu kwa kitambaa safi au sponji wakati wa ibada, kisha ukavitoa.

Je, linafaa muziki wetu? Kwa maoni yetu, ndiyo. Sikiliza rekodi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz: solo la dansi linataka sauti safi, kila noti isikike peke yake, bila mkwaruzo. Gitaa la nusu uwazi hutoa sauti hiyo bila shida, katika solo na katika rithimu. Na umeme ukikatika, unaweza kufanya mazoezi chumbani kwa sababu husikika kidogo hata bila spika. Usitegemee tu kuongoza kwaya nalo likiwa halijachomekwa.

Mulika tochi

Wazee wengine wa muziki nchini huliita gitaa kavu galatoni. Jina hilo limetokana na Gallotone, magitaa ya bei nafuu ya Afrika Kusini. John Lennon wa Beatles naye alianzia kwenye Gallotone. Mwaka 1966 alinunua Epiphone Casino, yenye matundu ya f lakini isiyo na gogo ndani. Casino ni gitaa zuri, ila si la nusu uwazi, na ukiliona kwa nje tu ni rahisi kuchanganya.

Kwa hiyo washa tochi ya simu, mulika kupitia tundu moja, tazama tundu la pili. Mwanga ukitokeza wazi upande wa pili, hakuna gogo. Hakikisha pia kwamba ni matundu kweli. Mmoja wetu hapa kituoni aliwahi kumtumia muuzaji wa mtandaoni pesa baada ya kuona picha tatu. Gitaa lilishuka kwenye basi likiwa na herufi f mbili zilizochorwa kwa rangi nyeusi. Bado analo, na bado tunamtania.

Nyaya ndizo zitakazokuumiza kichwa

Kwenye gitaa la mbao iliyojaa, fundi hufungua kifuniko na kuziona nyaya zote. La nusu uwazi kwa kawaida halina kifuniko cha nyuma. Tundu la jeki likilegea au kifungo cha sauti kikifa, fundi hulazimika kuvitoa vifaa kupitia tundu la f, kisha kuvirudisha kwa kuvivuta na uzi, kama mtu anayevua samaki gizani. Fundi wa redio mwenye subira anaweza, lakini atakutoza muda wake.

Ndiyo maana tunasema usinunue gitaa hili likiwa halijachomekwa kwenye spika. Zungusha kila kifungo taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo mdogo huweza kuwa vumbi, na vumbi jekundu la Karatu kila mtu analijua. Lakini sauti ikikatika kabisa ni ubovu. Tikisa waya kidogo kwenye jeki. Badilisha pikapu kwa swichi, ya karibu na shingo, ya karibu na daraja, kisha zote mbili. Pikapu zenye koili mbili hunguruma kidogo kuliko za koili moja, jambo la maana kwenye nyumba yenye nyaya mbovu au jenereta.

Baada ya hapo kagua shingo. Funga jicho moja, tazama kutoka kichwani kuelekea daraja kama fundi seremala anavyokagua ubao. Kupinda kidogo hurekebishwa kwa nondo iliyo ndani ya shingo; kujisokota hakurekebishiki kirahisi. Chunguza nyuma ya kichwa, mahali kinapokutana na shingo, kama kuna mstari wa ufa uliopakwa rangi. Hapo ndipo magitaa ya umbo hili huvunjika yakianguka. Kisha pakua programu ya bure ya kupatanisha nyuzi: piga uzi ukiwa wazi, halafu ubonye kwenye freti ya 12. Simu inatakiwa kuonyesha noti ileile mara zote mbili. Ikipishana kidogo, skrubu za daraja huirekebisha.

Kama gitaa liko Arusha au Kariakoo nawe huwezi kwenda, omba video, si picha, muuzaji akifanya majaribio hayo yote bila kukata. Akikataa, acha. Na jina la Gibson kwa bei ya kutupa litilie shaka. Bandia ni nyingi.

Bei haiishii kwenye gitaa

Katika maduka ya Ulaya na Marekani, magitaa haya ya ngazi ya chini huwa kati ya dola 250 na 600 hivi, kabla ya nauli na kodi. Ukiagiza mwenyewe, forodha hukokotoa ushuru kwenye bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 18 huwekwa juu ya jumla hiyo. Kununua Nairobi na kurudi kupitia Namanga hakufuti ushuru: gitaa lililotengenezwa China haligeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kupita dukani Kenya.

Tenga pesa za waya, nyuzi za akiba za chuma (za nailoni hazinaswi na sumaku) na spika ya gitaa. Kama kanisa lina mikseta, ulizia kisanduku cha DI. Bila hicho sauti huwa nyembamba. Nunua pia begi lenye sponji nene. Kwenye bodaboda, abiria apakate gitaa kichwa kikiwa juu, na ndani ya basi lisiachwe juani dirishani, maana gundi hulegea kwa joto.