Dozi Isiyo na Mwisho

Mtu wa Naipingo akianza kujibizana na sauti ambazo wenzake hawazisikii, aghalabu ndugu hukaa kikao kwanza. Nani kamkosea nani? Mahoka, yaani mizimu ya ukoo, wamesahauliwa? Mganga naye huanzia hapohapo, kisha huja mizizi ya kuchemsha, kuogeshwa, ngoma na malipo. Siku inafika anatamka: amepona, mchukueni.

Huko Nachingwea mjini, hospitalini, maswali ni mengine: anaongea peke yake tangu lini, analala, anakula?

Wengi hudhani kinachotenga mila hizi mbili ni mzizi na kidonge. Sikubaliani: kidonge nacho chaweza kutoka mzizini. Wahindi waliwatuliza wenye kichaa kwa mzizi wa sarpagandha tangu zamani. Mwaka 1931 madaktari Gananath Sen na Kartick Bose wakauandikia makala. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Basel, wakachuja humo reserpini, na mwaka 1954 daktari Nathan Kline akaripoti kuwatibu nayo wagonjwa wa New York. Waganga wa Kiyoruba hutumia mmea wa ukoo huohuo kwa kazi ileile. Msesewe nao ni wa ukoo huo, ingawa Wachaga magome yake huyatia kwenye pombe ya mbege. Reserpini ilishusha mno presha na ikadhaniwa kuwatia wengine huzuni, ikaachwa katika tiba ya kichaa. Klopromazini, iliyojaribiwa Paris mwaka huohuo wa 1952, ipo mpaka leo. Wengi wanaijua kwa jina la Largactil.

Kinachozitenga ni muda. Tiba ya mganga ina siku ya kumaliza. Ya hospitali mara nyingi haina: haloperidoli, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1958, hupunguza makali ya dopamini, kemikali ya ubongoni. Ukiiacha, mara nyingi sauti hurudi. Tena inaweza kukakamaza shingo na kutetemesha mikono, ndipo huongezwa benzheksoli. Kwa mwokota korosho, mkono mzito msimu wa mavuno ni njaa, kwa hiyo vidonge vinawekwa kando. Sindano ya flufenazini, ya takriban kila mwezi, huondoa adha ya kumeza kila siku, lakini inadai nauli.

Kwa dawa, mimi niko upande wa hospitali. Kwa maneno, mganga anaishinda: yeye huzungumza na ukoo mzima, hospitali humkabidhi mmoja pakiti. Basi wewe unayeipokea pakiti hiyo, uliza palepale: anywe hadi lini? Na shingo ikikakamaa, usizitupe dawa. Mrudishe mgonjwa siku hiyohiyo, nazo mkononi.