Kipima mng'ao

Kipima mng'ao, au glosimita, ni chombo cha kushika mkononi kinachopima jinsi uso uliopakwa rangi unavyorudisha mwanga. Taa iliyo ndani hutupa mwanga kwa pembe maalumu, na kihisi cha upande wa pili hupokea ule unaorudi kwa pembe hiyohiyo. Jibu huandikwa kwa vizio vya mng'ao (GU). Kioo cheusi laini chenye fahirisi ya mpindo wa mwanga ya 1.567 ndicho kilichopewa 100 GU. Alfred Pfund wa Marekani alitengeneza ala ya namna hii katika miaka ya 1920. Kanuni ya ASTM D523 ikafuata mwaka 1939, na leo ISO 2813 hutumika kimataifa.

Kewanja, kijiji cha Wilaya ya Tarime kilicho jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ni mahali ambapo chombo hiki kina kazi ya kweli. Ikweta iko karibu, nchi imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na jua huishambulia gundi inayoshikilia chembe za rangi. Uso hupoteza ulaini wake kwa kiwango kisichoonekana, mwanga hutawanyika, na mng'ao hushuka mapema, kabla mkono haujatoka na unga mweupe ukipapasa ukuta au mlango wa chuma. Anayepima tangu rangi ikiwa mpya huyaona madhara hayo mapema. Mlango ulioanza na 80 GU ukashuka hadi 40 umebakiwa na asilimia 50 ya mng'ao wake, hata kama macho bado yanauona mzuri.

Pembe ndiyo ya kuamuliwa kwanza. Anza na 60°. Ikisoma zaidi ya 70, kama kwenye rangi ya mafuta iliyopulizwa kwenye gari, 20° hutofautisha vizuri zaidi. Ikisoma chini ya 10, kama kwenye rangi ya maji isiyong'aa, tumia 85°.

Katika matumizi, adui mkubwa ni vumbi. Vumbi la barabarani hushusha namba, na fundi akidhani rangi imechakaa atapiga mkono mwingine bila sababu. Osha sehemu ya kupimia kwa maji safi na kitambaa laini, usisugue, kisha iache ikauke. Sawazisha chombo kwa kigae chake cha kusawazishia, kikiwa safi, kabla ya kila kazi, maana kigae chenye alama ya kidole huharibu vipimo vyote vya siku hiyo. Pima angalau mahali patatu na uandike wastani. Palipopakwa kwa brashi, fuata mkondo wa brashi kila mara.

Kitako cha chombo lazima kilale sawasawa, mwanga wa nje usipenye. Kwa hiyo migongo ya bati na plasta yenye chengachenga haipimiki kwa uhakika. Njia nzuri ni kupaka kipande cha bati bapa kwa rangi hiyohiyo, siku hiyohiyo, na kukitundika upande uleule wa jengo; hicho ndicho kitakachopimwa miaka inayofuata.

Kwa mnunuzi wa kwanza, chombo cha 60° pekee chenye kigae kilichothibitishwa kwa cheti ni bora kuliko cha pembe tatu kisicho na cheti.