Kisahani Kisichokwenda Mbali

Gofu ya visahani hufuata kanuni za gofu ya kawaida. Mchezaji hutupa kutoka mahali pa kuanzia, hukifuata kisahani kilikoangukia, hutupa tena, na mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Badala ya shimo kuna kikapu cha chuma kilichozungushiwa minyororo inayoning'inia. Kati ya mtupo wa kwanza, unaokusudiwa kwenda mbali, na ule wa mwisho wa kutia kikapuni, upo mtupo ambao wanahistoria wa mchezo huu huuruka: ule wa kusogelea, kutoka mita 30, 50 au 80, unaotakiwa kukilaza kisahani chini ya kikapu, basi. Mwaka 2025 uwanja wa Oak Grove huko Pasadena, California, ulitimiza miaka 50 tangu ufunguliwe. Katika kumbukumbu za namna hiyo sifa huwaendea mwenye mkono mrefu na aliyebuni kikapu. Kisahani cha kusogelea hakina mwenyewe wa kukisemea.

Hali hiyo ni ya kushangaza, kwa sababu mchezo ulianza kwa mitupo mifupi. Mwaka 1926, katika kijiji cha Bladworth, jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, mtoto wa shule aitwaye Ronald Gibson na wenzake walikuwa wakirusha mifuniko ya makopo kuelekea miduara waliyoichora mchangani. Waliuita mchezo wao Gofu ya Mifuniko ya Bati. Anayelenga duara lililochorwa chini hahitaji mfuniko unaopaa na kupotelea vichakani. Anahitaji unaotua na kubaki pale pale. Watoto wale walikwisha kulitambua tatizo ambalo viwanda vilikuja kulishughulikia zaidi ya nusu karne baadaye.

Hatua zilizofuata zinajulikana. Fred Morrison aliuza sufuria za keki za kurushiana ufukweni California kabla ya Vita Kuu ya Pili, akaja kutengeneza kisahani cha plastiki alichokiita Pluto Platter, na mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikakichukua na kukipa jina la Frisbee. Ed Headrick, mwajiriwa wa kampuni hiyo, alikiongezea mistari ya mviringo mgongoni ili kitulie hewani, na hataza yake ikatolewa mwaka 1967.

Ugomvi unaanzia hapa, nao ni wa nani aitwe baba wa gofu ya visahani. Wengi humtaja Headrick bila kusita. Lakini mjini Rochester, jimbo la New York, Jim Palmeri na wenzake walikuwa wakicheza gofu hiyo kwa mashindano tangu mwaka 1970, miaka mitano kabla ya Oak Grove, wakilenga vitu vilivyokuwapo tayari, kama nguzo na miti. Mwaka 1974 waliandaa mashindano ya wazi ya taifa na kutangaza zawadi ambayo hakuna aliyeitarajia katika mchezo wa kurusha plastiki: gari jipya aina ya Datsun B-210. Wachezaji walitoka pande mbalimbali za Marekani, na gari likachukuliwa na Dan Roddick. Mchezo uliokwisha kutoa gari haungoji kuzaliwa mwaka unaofuata. Hata hivyo Headrick ndiye aliyeweka uwanja wa kudumu wa Oak Grove mwaka 1975, ndiye aliyeanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA, mwaka 1976, na ndiye mwanachama namba 1 wa chama hicho. Kwa kuwa kumbukumbu za mchezo zilitunzwa zaidi na chama chake, si ajabu zikaegemea upande wake. Hata baada ya kufa mwaka 2002 hakuondoka uwanjani: majivu yake yalichanganywa katika plastiki na kufinyangwa kuwa visahani, kama alivyotaka mwenyewe.

Mchango wake mkubwa, ambao hata watu wa Rochester hawaukatai, ni kikapu cha minyororo, kilichopewa hataza mwaka 1977. Kabla yake, shabaha ilikuwa nguzo, na wachezaji walibishana kama kisahani kimeigusa au kimeipita. Minyororo ilimaliza ubishi kwa mlio wake, lakini ilibadilisha pia namna ya kutupa. Nguzo huweza kugongwa na kisahani kinachokwenda kasi, na mtupo ukahesabiwa. Kikapu hukitaka kiingie na kukaa. Kinachokuja kwa nguvu hupenya upande wa pili au hudunda nje. Mtupo wa kusogelea ukapata thamani mpya, kwa sababu aliyeuharibu alilazimika kujaribu kutia kutoka mbali.

Mwaka 1983 Dave Dunipace alitengeneza kisahani kiitwacho Eagle, chenye ukingo uliochongwa mshazari ili ukate hewa, na kampuni ya Innova ikaanza. Tangu hapo visahani viligawanyika koo. Vyenye ukingo mpana na mkali vikawa vya masafa. Vyenye ukingo butu vikabaki vya karibu. Miongoni mwa hivi vya karibu, Aviar na Roc, vya kampuni hiyo hiyo, vilitoka katika miaka ya 1980 na vingali vikiuzwa. Ken Climo, bingwa wa dunia mara 12, tisa kati yake mfululizo kuanzia 1990 hadi 1998, ana toleo la Aviar lenye herufi za jina lake. Wanaomtukuza kwa mitupo mirefu husahau hilo.

Kisahani cha kusogelea hukaa katikati ya koo hizo mbili. Kipenyo chake ni kama sentimita 21, kidogo kuliko frisbi ya sentimita 27 inayotumiwa na timu za frisbi za Nairobi na Kampala. Kanuni za PDGA huruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, kwa hiyo chenye sentimita 21.2 hakipiti gramu 176. Sifa inayotafutwa zaidi ni ukaidi. Mtu anayetumia mkono wa kulia akikivuta kisahani kupitia mbele ya kifua, hukizungusha kama mishale ya saa, na kasi inapopungua kisahani huinamia kushoto. Kisahani chepesi kupaa hukawia kuinama, na kikikutana na upepo wa mbele hugeukia kulia na kupanda juu. Kile kikaidi hukataa kugeuka hata kikitupwa kwa nguvu, kisha huanguka kushoto mapema, kila mara kwa namna ile ile. Kwa kusogelea, kutabirika kunashinda umbali. Zone ya kampuni ya Discraft na Harp ya Westside zimejengwa hivyo. Berg ya Kastaplast, kutoka Sweden, imefika mbali zaidi, maana karibu haielei kabisa.

Upepo wa nyuma hudanganya zaidi kuliko wa mbele. Hupunguza kani inayokiinua kisahani, nacho hudondoka kabla ya kufika. Hapo kinafaa kinachoelea zaidi kidogo. Anayezuiwa na mti upande mmoja hutupa kwa ubavu, kiganja kikitazama juu, na kisahani huangukia kulia badala ya kushoto. Plastiki laini hushikika vizuri hata mkono ukiwa na jasho, tena hung'ang'ania ardhi, ila huchakaa upesi, na kilichochakaa hupoteza ukaidi wake. Ardhi nayo ina usemi. Kwenye udongo mkavu wa kiangazi, kama wa Kamina, kusini mwa Kongo, kati ya Mei na Septemba, kisahani kinachotua bapa huteleza mita kadhaa; kikitua kwa ukingo kinaweza kusimama na kuanza kubingirika. Njia salama ni kukitupa chini chini, kimeinama kidogo, kiguse ardhi kabla ya kikapu na kumalizia mwendo kwa kuteleza.

Katika miongo miwili iliyopita kampuni zimeongezeka na majina ya visahani ni mamia, lakini umbo la cha kusogelea limebadilika kidogo tu. Kipimo cha kazi yake kimo katika kanuni: ndani ya mita 10 kutoka kikapuni, mchezaji hawezi kusonga mbele kwa kasi ya mtupo wake, lazima aonyeshe amesimama imara nyuma ya alama yake kabla ya kuivuka. Kisahani kilicholazwa humo humwachia mtupo mmoja wa kutia.