Ukuta wa mbao: mti wa nani, saloni ya nani?

Ndugu na dada wa lisansi, leo nawaomba muangalie ukuta wa saloni. Siyo diplome iliyotundikwa pale, ukuta wenyewe. Hapa Bukavu, na Goma vilevile, mtindo wa sasa mnaujua: mtu akimaliza kujenga, anabandika nyuma ya televisheni vipande virefu vyenye rangi ya mbao, mishipa ya mbao, hata vifundo vya mbao. Ukigonga na kidole unasikia plastiki. Vimetoka Uchina. Na sisi ndio inchi yenye zaidi ya nusu ya msitu wote wa bonde la Congo!

Mafundi wetu wanaita kazi hiyo lambri, neno la Kifaransa: kuvalisha ukuta mbao kwa ndani. Mimi nilisoma agronomia, siyo historia. Lakini mti ni kazi yangu, na huu mti wa ukutani una habari ambayo darasani hatukuambiwa.

Tuanze kwetu, sababu wengi wanafikiri kupamba ukuta kulikuja na Mzungu. Kule Mushenge, kwa wafalme wa Kuba, kuta za nyumba na za nyua zilitengenezwa kwa vijiti vya majani ya mrafia, vikafungwa na kamba za msituni kwa nakshi za pembe-pembe, zile zile unaona kwenye vitambaa vyao. Pambo halikubandikwa juu ya ukuta. Kamba inayoshika ukuta ndiyo inayochora. Na kwa Wapende, nyumba ya chifu ilikuwa na mbao za kuchonga kando ya mlango, na mtu akifika anajua yuko kwa nani. Hakuna aliyeuliza mti ulitoka wapi. Ulitoka msitu wa pale pale, na wenyewe walijulikana.

Kisha ikaja tarehe 1 Julai 1885. Serikali ya Léopold II, ile iliyoitwa Inchi Huru ya Congo, ilitoa agizo: ardhi isiyokaliwa na watu ni mali ya Leta. Hapa nasimama kidogo, juu hii ni habari ya shamba. Mkulima wa msituni analima miaka miwili, mitatu, halafu analaza shamba miaka kumi ao zaidi ili udongo upate nguvu. Akirudi, anakuta miti imeota, anakata, anachoma, anaanza tena. Shamba linalolala lina mwenyewe, na jirani zake wote wanajua mpaka uko wapi. Lakini kwa macho ya karani wa Boma, pale ni pori tu. Kwa sentensi moja ya agizo, mashamba yaliyolala, pamoja na msitu wa kuwinda na kuokota uyoga, yakahesabiwa kuwa ya Leta. Miti iliyosimama juu yake ikafuata.

Kupata mti kwa karatasi ni kazi nyepesi, kuutoa ni ngumu. Reli ya Matadi ilianza kujengwa mwaka 1890 na ikafika Kinshasa ya leo mwaka 1898 tu. Kabla ya hapo, juu ya maporomoko kila kitu kilipita kwa kichwa cha mbebaji, na gogo la tani nyingi halibebwi kwa kichwa. Ndiyo maana Mayombe, msitu ulio karibu na Boma na bahari, ulikuwa na bahati mbaya ya kuwa na njia.

Sasa twende Ubelgiji, mwaka 1897. Léopold alitayarisha maonyesho ya Congo kule Tervuren, nje kidogo ya Bruxelles. Ndani ya jumba, kazi ya kupamba ilipewa mafundi wa mtindo mpya wa wakati ule, Art nouveau: Paul Hankar, Henry van de Velde, Gustave Serrurier-Bovy, Georges Hobé. Huyo Hobé alisimamisha katika ukumbi mkubwa nguzo na matao ya mbao yanayojipinda kama matawi, mgeni ajione yuko msituni. Mbao ilikuwa bilinga kutoka Congo. Ninyi wa misitu na maji mnaijua: ya manjano inayokaribia chungwa, ngumu, wadudu hawaipendi, maji hayaiozeshi haraka.

Nje, kwenye bustani, hali ilikuwa nyingine. Wacongomani 267 walisafirishwa mpaka kule, na mchana walikaa kwenye vijiji vya kuigiza kando ya ziwa ili watu wawaangalie. Zaidi ya watu milioni moja walipita. Wenzetu saba walikufa na ugonjwa, na makaburi yao yako Tervuren hata leo, kando ya kanisa. Mti wa Congo ulipewa nafasi ndani, kwenye joto. Watu wa Congo walikaa nje, kwenye baridi na mvua.

Mtindo ule ulipendwa sana, na kuna waliouita mtindo wa Congo. Tayari mwaka 1895 Victor Horta alikuwa ameanza kujenga Bruxelles nyumba ya Edmond van Eetvelde, mkubwa wa utawala wa Congo upande wa Ubelgiji. Ndani, chuma, vioo na mbao za kwetu, zote kwa mistari inayozunguka kama mitambaa ya msituni. Mwaka 2000 UNESCO iliandika nyumba nne za Horta katika urithi wa dunia, na hii ni moja. Kuna wenzetu wanasema zile mbao zirudishwe ao zivunjwe. Mimi hapana. Waliozikata, waliozipasua na waliozipanga walifanya kazi nzuri, na mti umekwisha kufa. Ila mgeni anayelipa tiketi aambiwe wazi kwamba miaka ile ile mwenye nyumba alikaa kwenye meza iliyotawala inchi ambapo watu wa Équateur walipigwa na kuuawa juu ya mpira wa msituni. Saloni na mpira vilikuwa na bosi mmoja.

Na agronomia? Tusijitoe. Mwaka 1933 ikaundwa INEAC, mama ya INERA yetu, na kule Luki, Mayombe, wataalamu wakashughulika na limba. Ni mti mwepesi, rangi ya majani makavu, unakua haraka, mzuri kwa tripleksi na kwa zile karatasi nyembamba za mbao zinazobandikwa ukutani. Walijaribu jambo ambalo leo tunalipa jina kubwa la agroforesteri: limba ndani ya shamba la ndizi. Mkulima anapalilia ndizi zake, limba inafaidika na palizi ile ile, ndizi zikichoka limba imekwisha kupanda juu. Kwa upande wa mbinu, ni safi. Swali lilikuwa lile la 1885: limba ikikomaa, ni ya nani? Haikuwa ya yule aliyepalilia.

Sheria yetu ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 bado inasema msitu ni mali ya Leta. Kilichobadilika ni agizo la 2 Agosti 2014: jamii inaweza kuomba eneo lake la msitu mpaka hektari 50.000 na kulisimamia yenyewe. Hapo ndipo ningependa kuona vijana wenye lisansi, wakisaidia wazee kuchora ramani, badala ya kungoja kazi ya ONG mjini. Ramani ni nusu ya dosye.

Nirudi ukutani. Sisemi mtu avalishe saloni yake afrormosia ya Tshopo. Mti huo umewekwa chini ya CITES tangu 1992, na kuukata kwa ajili ya pambo la nyuma ya televisheni ni aibu. Lakini Kivu nzima imepandwa grevilea, kwenye mipaka ya mashamba, ndani ya kahawa. Kwao Australia, mti huo ulivalishwa kuta na kabati za nyumba za heshima. Kwetu unaishia makala na nguzo za kujengea. Hapa mti una mwenyewe anayejulikana: aliyeupanda bado yupo, na pesa inaweza kumfikia.

Siri iko kwenye kupasua. Grevilea ikipasuliwa kwa robo, kuelekea moyo wa gogo, inatoa madoa yanayong'aa kama dantela. Ikipasuliwa kawaida, inaonekana mbao tu. Halafu ikauke kivulini miezi kadhaa, na nyuma yake ziwekwe fito ili hewa ipite, juu kuta za Bukavu zinatoa jasho. Anayepiga randa avae mikono mirefu, vumbi yake inawasha watu wengine. Ukimwomba mpasuaji apasue kwa robo atakuambia anapoteza muda na mbao. Kwa hilo hadanganyi. Patana naye bei ya ziada kabla hajawasha mashini.