Barabara ya Samora: Askari, Saa na Sinema

Barabara ya Morogoro inakatiza Barabara ya Samora kabla ya kufika ukingo wa bandari ya Dar es Salaam. Enzi za ukoloni hapa paliitwa Acacia Avenue. Baada ya Uhuru, Independence Avenue. Leo barabara ina jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji.

SANAMU YA ASKARI
Mahali hapa palisimama kwanza sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Iliondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Askari huyu alizinduliwa mwaka 1927 kuwaenzi wanajeshi na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Tazama singe ya bunduki yake: imeelekea bandarini. Maandishi yamechongwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza.

MNARA WA SAA
Ulijengwa mwaka 1961, Dar es Salaam ilipopata hadhi ya jiji.

MAJUMBA YA SINEMA
Empire, Empress, Avalon na New Chox yalikuwa katikati ya mji. Filamu za Kihindi, kama Awaara ya Raj Kapoor, ziliwakusanya watu wa kila kabila na dini. Kanda za video, kisha televisheni binafsi kuanzia 1994, zikawabakiza watazamaji majumbani.

Mpita njia, inua macho uyatazame majengo ya zamani yaliyobaki. Tuyatunze: yakibomolewa, hayarudi.