Watu wa Sintaluta, na Ngano Iliyofika Basotu

Kila mwaka nifundishapo historia ya ushirika, wanafunzi hunijia na wale wafumaji wa Rochdale wa mwaka 1844, kana kwamba ushirika ulizaliwa dukani na ukakulia dukani. Nami huwahamisha hadi mahali ambapo wengi wao hawajapata kupasikia: Sintaluta, kijiji kidogo kando ya reli katika jimbo la Saskatchewan, kwenye nyanda za nyasi za magharibi mwa Kanada. Jina hilo ni la lugha ya wenyeji wa pale, na maana yake ni mkia mwekundu. Nawaomba wasomaji wangu walikumbuke, kwa kuwa nitalirudia.

Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1872, mhamiaji alilipa dola 10 na kupewa ekari 160, kwa sharti la kuishi pale na kulima. Edward Alexander Partridge alifika Sintaluta kwa njia hiyo mwaka 1883, kijana kutoka Ontario aliyewahi kuwa mwalimu wa shule. Mwaka mmoja kabla yake William Richard Motherwell, mhitimu wa chuo cha kilimo cha Guelph, alikuwa ameshika ardhi huko Abernethy, upande wa kaskazini. Hawakufanana. Motherwell alikuwa mtu wa mpangilio: alijenga nyumba ya mawe, akapanda miti kwa mistari na kuzungumza kwa kipimo. Partridge alikuwa mtu wa moto, na moto huo haukuwa ukichagua wa kumuunguza.

Kilichowakutanisha ni behewa. Ngano ya nyanda zile haikuwa na thamani mpaka ipakiwe kwenye treni, na kando ya kila stesheni yalisimama maghala marefu ya mbao, mali ya makampuni ya wanunuzi. Mwenye ghala ndiye aliyepima, ndiye aliyekadiria uchafu wa kukatwa kwenye uzito, na ndiye aliyetaja daraja la ngano. Msomaji aliyewahi kusimama shambani mbele ya gunia la rumbesa hahitaji maelezo zaidi. Sheria ya nafaka ya mwaka 1900 ilimruhusu mkulima kuagiza behewa lake na kulijaza mwenyewe, lakini mavuno makubwa ya mwaka 1901 yalipokuja, mabehewa hayakutosha, na yaliyopatikana yakaenda kwa makampuni. Ngano ya mkulima ikabaki nje, na theluji ikaikuta hapo.

Desemba 1901 Motherwell na wenzake waliitisha mkutano katika mji wa Indian Head na kuunda chama cha wakulima wa nafaka. Mwaka uliofuata walifanya jambo ambalo wanaharakati wa leo wangefaa kulichunguza kwa makini: badala ya kuandika risala nyingine ya malalamiko, walimpeleka mahakamani wakala wa reli wa stesheni ya Sintaluta kwa kugawa mabehewa bila kufuata zamu iliyoandikwa daftarini. Wakashinda. Faini ilikuwa dola 50 tu, fedha isiyoweza kulitikisa shirika la reli. Hata hivyo shirika lilikata rufaa hadi Mahakama ya Juu na likashindwa huko pia. Tangu hapo daftari la zamu likawa na nguvu kuliko urafiki wa wakala. Sina hakika kama kuna sheria yoyote ya kilimo iliyowahi kutenda kazi kabla ya mtu kushitakiwa kwa kuivunja.

Partridge hakuridhika. Januari 1905 wakulima wa Sintaluta walimtuma Winnipeg, mahali ambapo bei ya ngano yao ilipangwa, akaone kwa macho yake soko la nafaka linavyoendeshwa. Alipokewa kwa ubaridi, akakaa pembeni kama mgeni asiyealikwa, akarudi na hasira iliyomdumu maisha yote. Soko lile alilibandika jina la nyumba yenye madirisha yaliyofungwa. Ndipo akahubiri kwamba wakulima waanzishe kampuni yao wenyewe, wanunue kiti ndani ya nyumba hiyo na kuuza ngano yao bila dalali. Hisa iliuzwa dola 25. Kiti kiligharimu zaidi ya fedha iliyokusanywa, na baadhi ya majirani zake wakajidhamini benki kwa mali zao. Kampuni ilianza kazi mwaka 1906. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imetolewa sokoni, kosa lake likiwa ni kuahidi kuwagawia wanachama faida kwa kadiri ya nafaka waliyoleta. Ushirika, kwa maneno mengine, ulihesabiwa kuwa ni ukiukaji wa kanuni za biashara. Iliichukua serikali ya jimbo la Manitoba kutoa shinikizo ndipo, mwaka 1907, kampuni ikarudishiwa haki ya kuuza.

Wakati huo Partridge alikwisha kuwaachia wengine uongozi. Mwaka 1908 alikuwa mhariri wa kwanza wa gazeti la wakulima, na hapo pia hakukaa. Alipoteza mguu katika mashine ya kuvunia. Binti yake alikufa maji. Wanawe wawili waliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alifariki Victoria mwaka 1931, mpweke. Motherwell, ambaye hakuwahi kuwaudhi watu kiasi hicho, alikuwa waziri wa kwanza wa kilimo wa Saskatchewan kuanzia mwaka 1905, kisha waziri wa kilimo wa nchi nzima, na shamba lake leo ni eneo la kumbukumbu la taifa. Watumishi wa umma wanaonisoma watampenda Motherwell. Mimi nampenda Partridge, ingawa nakiri kwamba nisingependa kukaa naye kamati moja.

Kulikuwa na wengine ambao mchango wao ulikuwa wa udongo na mbegu. Charles Saunders, katika shamba la majaribio la Ottawa, alikuwa akitafuna punje za ngano ili kuona kama zinatoa unga wenye mvutano, na kwa njia hiyo akaitambua Marquis, mbegu iliyowahi kukomaa kabla ya baridi na kuenea kwenye nyanda zote. Mmoja wa wazazi wa Marquis alikuwa ngano ya India. Angus MacKay wa Indian Head ndiye aliyewafundisha wakulima kuacha sehemu ya shamba ipumzike mwaka mzima ili udongo utunze unyevu. Somo hilo alilipata kwa ajali ya historia: mwaka 1885 Wametis na baadhi ya wenyeji waliposimama kupinga serikali, farasi wa wakulima walikodiwa kubeba mizigo ya jeshi, mashamba yakalimwa bila kupandwa, na katika ukame wa mwaka 1886 ni hayo yaliyotoa mavuno.

Hapo ndipo lazima nilirudie lile jina la Sintaluta. Ardhi ya watu hawa wote ilikuwa ndani ya Mkataba wa Nne, uliotiwa saini katika bonde la Qu'Appelle mwaka 1874. Kusini ya kijiji waliishi, na wanaishi hadi sasa, Wanakoda katika eneo walilotengewa. Mkataba uliwaahidi majembe, ng'ombe na mbegu, nao walilima. Mwaka 1889 Hayter Reed, kamishna wa serikali, akaamuru kwamba wenyeji walime kwa zana za mkono, kwa miundu na mafyekeo, kwa madai kwamba mtu hawezi kuruka kutoka uwindaji hadi mashine. Tena hawakuruhusiwa kuuza nafaka bila kibali cha ofisa. Basi tazama: miaka ileile Partridge alipokuwa akipigania haki ya mkulima kuuza ngano yake kwa amtakaye, jirani yake Mnakoda hakuwa na haki ya kuuza gunia moja bila karatasi. Kifungu cha vibali kilifutwa kwenye sheria mwaka 2014. Nimesoma mengi kuhusu hotuba za Partridge, na sijakutana na mahali alipopigania haki ya jirani huyo.

Kwa Mtanzania habari hii haiishii Kanada. Kuanzia karibu mwaka 1970, kwa msaada wa Kanada, maarifa ya nyanda zile yaliletwa katika uwanda wa Basotu, Hanang: mbegu, matrekta, kombaini, wataalamu. Shirika letu la NAFCO lilifungua mashamba ya ngano ya takriban ekari 100,000. Ngano ilipatikana; hilo halina ubishi. Lakini uwanda ule haukuwa mtupu. Ulikuwa malisho bora ya Wabarabaig, waliokuwa wakihamisha mifugo kwa majira ili nyasi zipumzike, elimu ambayo MacKay angeielewa mara moja kama angeulizwa. Njia za ng'ombe zilizibwa, na makaburi ya wazee wao yakalimwa.

Mwaka 1981 halmashauri ya kijiji cha Mulbadaw na watu 67 waliishitaki NAFCO, kama watu wa Sintaluta walivyomshitaki wakala wa reli. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mahakama ya Rufani ikautengua, na moja ya sababu zake ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria.