Kutoka Wastani hadi Pengo: Historia ya Kupima Tofauti za Afya baina ya Tajiri na Maskini, kwa Kutazama Kasha (Bukavu)

Neno "wastani" lina asili ya Kiarabu, nalo hubeba maana ya kilichopo katikati. Katika takwimu za afya neno hili limetumika sana, lakini pia limeficha mengi, kwani anayeelezwa habari za katikati haelezwi lolote juu ya walio pembeni. Makala haya yanaonyesha jinsi wataalamu walivyojaribu kuvuka wastani na kupima pengo la afya baina ya tajiri na maskini katika nchi zinazoendelea. Mfano unaotumika ni Kasha, katika komini ya Bagira mjini Bukavu.

Bagira na Kasha ni majirani wasiofanana. Bagira ilijengwa katika miaka ya 1950 na OCA, ofisi ya kikoloni ya makazi ya Waafrika iliyoundwa mwaka 1952. Nyumba zake zilipangwa kwa safu kwa ajili ya watu wa mjini. Kasha ni nchi ya vilima na mashamba ambayo mji umeendelea kuipandia. Hata hivyo, katika utaratibu wa afya pande hizo mbili ziliunganishwa katika zoni moja, iliyoitwa Bagira-Kasha. Tarakimu moja ya zoni ikabeba hali mbili: ya mkazi wa nyumba ya safu na ya mkulima wa mlimani.

Chombo cha kwanza cha kupimia kilikuwa rejista ya zahanati na hospitali. Kasoro yake ni ya kimaumbile: humhesabu aliyefika. Mtoto anayefia nyumbani kwa sababu wazazi wake hawakuwa na nauli wala ada hayumo katika kitabu. Hivyo maskini huweza kuonekana wenye afya njema, kumbe wamekosa tu kuandikwa.

Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulitangaza kwamba tofauti kubwa za afya baina ya watu hazikubaliki. Wakati huo, huko Kasongo katika Maniema, watafiti walikuwa wakifuatilia watoto majumbani mwao badala ya kuwangojea kituoni. Matokeo yao juu ya chanjo ya surua, yaliyochapishwa mwaka 1981, yalizua hoja nzito: huenda baadhi ya watoto waliookolewa na surua walikuwa dhaifu, wakafa baadaye kwa maradhi mengine. Hoja hiyo ilijadiliwa sana, lakini ilifunza kwamba kuhesabu ugonjwa mmoja si kupima afya ya mtoto. Mwaka 1987 Mpango wa Bamako ulihimiza jamii kuchangia gharama za dawa, na suala la nani anaweza kulipa likazidi uzito.

Uingereza ilikuwa imetoa kielelezo mwaka 1980 kwa Ripoti ya Black, iliyoonyesha kwamba tofauti za vifo baina ya matabaka ya kazi ziliendelea ijapokuwa matibabu yalikuwa ya bure tangu 1948. Kipimo cha kazi, hata hivyo, hakikufaa mahali ambapo wengi hulima bila mshahara. Hesabu zenyewe zilipata umbo imara mwaka 1991, pale Wagstaff, Paci na van Doorslaer walipopendekeza fahirisi ya mkusanyiko, iliyofuata mkondo wa Lorenz wa mwaka 1905. Watu hupangwa kuanzia fukara hadi tajiri, kisha hutazamwa vifo vimelundikana upande gani. Sifuri huonyesha kwamba havikuelemea upande wowote; vikielemea kwa maskini, fahirisi huwa hasi.

Ilibaki kujua nani maskini. Uchunguzi wa Idadi ya Watu na Afya, ulioanza mwaka 1984, haukuuliza mapato. Filmer na Pritchett, wakitumia data za India, walionyesha katika kazi iliyochapishwa mwaka 2001 kwamba vitu vya nyumbani huweza kushika nafasi ya mapato: redio, baiskeli, sakafu, choo, chanzo cha maji. Kaya hupangwa kwa vitu hivyo, kisha watu hugawanywa katika mafungu matano yaliyo sawa kwa idadi.

Nchini Kongo uchunguzi huo umefanyika mwaka 2007, 2013-14 na 2023-24. Ule wa 2007 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 184 wa fungu la chini kabisa walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na 97 wa fungu la juu. Tofauti ni vifo 87. Uwiano ni karibu 1.9. Vipimo hivi viwili havisemi jambo moja. Tuseme vifo vyapungua kwa nusu kila upande: tofauti itashuka hadi 43.5, lakini uwiano utabaki ulivyokuwa. Mtawala aweza kujisifu kwa kipimo cha kwanza, na mkosoaji akamlaumu kwa cha pili, wala hakuna anayesema uongo. Kwa hiyo inafaa vyote viwili vitajwe.

Kasha inafichua mpaka wa mbinu hii. Katika Kiswahili kasha ni sanduku la kuwekea mali, na ingawa jina la mahali halihitaji kuhusishwa na neno hilo, swali linafaa: ni mali gani inayohesabiwa? Umeme na bomba huipandisha kaya ya mjini, hata kama chakula chake ni cha kubahatisha. Shamba, migomba na ng'ombe wa mkulima huweza kupewa uzito mdogo. Kwa sababu hiyo Rutstein alipendekeza mwaka 2008 fahirisi za mji na shamba zikokotolewe kwanza mbalimbali, kisha ziunganishwe. Aidha, uchunguzi wa kitaifa husema juu ya mkoa, si juu ya mtaa, na Kasha humezwa ndani ya Kivu Kusini.

Historia hii inaonyesha kwamba kila kipimo kilizaliwa kutokana na watu ambao kipimo kilichotangulia hakikuwaona. Rejista iliwaacha waliofia nyumbani. Wastani uliwaacha walio pembeni. Orodha ya vitu huweza kumwacha mkulima. Kwa kuwa dawa na fedha hugawanywa kwa kufuata tarakimu, asiyehesabiwa hukosa mara mbili: hukosa uzima, kisha hukosa hata kutajwa kwamba ameukosa.